Kugawa Shamba Kuwa Viwanja na Kubakisha Eneo la Wazi: Mwongozo wa Kupata Idhini ya Jiji

Mpe mtu ramani ya shamba, penseli na rula, na jambo la kwanza atakalofanya ni kuchora mistari ya viwanja. Ataanzia barabarani ashuke hadi mpaka wa nyuma. Pale mistari inapogoma, kwenye korongo, kwenye miamba, kwenye pembe isiyoingia nyumba, ataandika "eneo la wazi". Michoro ya namna hiyo hurudishwa na jiji mara mbili, mara tatu, na mwenye shamba hubaki akilalamika kwamba anacheleweshwa, kumbe kilichomchelewesha ni mchoro wake mwenyewe: umewapa watu mabaki ukayaita bustani.

Mwongozo huu unakwenda upande mwingine. Eneo la wazi linachorwa kwanza, nyumba zinafuata, mipaka ya viwanja inakuja mwisho kabisa. Majina ya ofisi na fomu hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini maswali ambayo wataalamu wa jiji watakuuliza yanafanana sana popote ulipo.

Hatua ya 1: Jua ardhi imepangiwa nini

Shamba kuwa ndani ya mipaka ya jiji hakumaanishi kwamba limeruhusiwa kujengwa nyumba. Kabla ya kumlipa mpima, nenda idara ya mipango na maswali matatu. Mpango mkuu wa jiji umelipangia shamba hili matumizi gani? Ukubwa wa chini wa kiwanja ni upi? Na je, kanuni zinaruhusu viwanja vidogo vilivyokusanywa pamoja, ikiwa ardhi inayobaki itahifadhiwa? Swali la tatu husahaulika mara nyingi, nalo ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua kama mchoro wako utakuwa na eneo la wazi la kweli au vipande tu.

Ukiambiwa shamba limepangiwa kilimo, ujue una maombi mawili mbele yako. Kubadili matumizi ya ardhi ni uamuzi wa sera: madiwani wanaangalia manufaa ya jiji zima, na wanaweza kukataa hata kama umeandaa kila karatasi. Kugawa ardhi ni suala la kutimiza kanuni: mchoro ukikidhi viwango vilivyoandikwa, kuukataa kunahitaji sababu inayoweza kutetewa. Usiyachanganye haya mawili katika barua moja wala katika maelezo yako kwenye kikao. Diwani anayesikia habari za upana wa barabara wakati bado anajiuliza kama shamba lingebaki kuwa shamba, ataona unamkimbiza.

Wakati huohuo fungua hati. Angalia majina yote yaliyomo, mirathi ambayo haijafungwa, rehani ya benki, nguzo za umeme na mabomba yanayopita. Benki yenye rehani juu ya shamba lote kwa kawaida lazima ikubali kabla ya shamba kukatwa vipande. Na ile njia ya miguu ambayo jirani wamepita kwa miongo mingi inaweza kuwa na nguvu ya kisheria hata kama haimo kwenye ramani. Ni heri kuikuta sasa kuliko kuikuta mikononi mwa wakili wa jirani siku ya kikao.

Hatua ya 2: Tembea shamba mvua ikinyesha

Wengi hupima shamba wakati wa kiangazi kwa sababu ni rahisi kutembea. Pima wakati huo ukitaka, lakini nenda tena mvua ikinyesha, na tena siku moja baada ya mvua kukatika. Kiangazi kinaficha mengi. Mahali palipoonekana pakavu na tambarare, pazuri kwa nyumba sita, utakuta maji yamesimama hadi kwenye vifundo vya miguu. Utaona maji ya jirani wa juu yanaingilia wapi, na yako yanatokea wapi kwenda kwa jirani wa chini. Beba ramani na kalamu, uandike palepale.

Unachokusanya katika matembezi haya kigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ardhi isiyofaa kujengwa hata ukitaka: bonde la mafuriko, kingo za mto, ardhi oevu, miteremko mikali. Fungu la pili ni ardhi inayofaa kujengwa ila ina thamani kubwa ikibaki kama ilivyo: msitu wa miti mikubwa, udongo bora wa kilimo, makaburi ya zamani, kilima ambacho kinaonekana kutoka barabarani, njia ya wanyama. Fungu la kwanza sheria italilinda. Fungu la pili hakuna atakayelilinda usipoliandika wewe mwenyewe.

Kuhusu mafuriko, kuna usemi wa wahandisi unaopotosha watu wengi: "mafuriko ya miaka 100". Hausemi kwamba yatakuja mara moja kila karne. Unasema kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa maji kufika kiwango hicho. Familia itakayokaa hapo miaka 30 ina uwezekano wa takriban asilimia 26 wa kuyaona. Ni zaidi ya familia moja katika kila nne. Ukilifikiria hivyo, mstari wa bluu unaoonyesha kiwango hicho kwenye ramani utauheshimu bila kusubiri mtu wa jiji akulazimishe.

Hatua ya 3: Hesabu viwanja kwa uaminifu

Jiji litataka kujua shamba lingetoa viwanja vingapi kwa ugawaji wa kawaida. Idadi hiyo ndiyo dari yako: huwezi kuongeza nyumba kwa kisingizio kwamba umehifadhi miti. Kwa hiyo unachora mchoro wa majaribio, wa kawaida kabisa, na ndani yake unatoa barabara na ardhi isiyojengeka.

Tuseme shamba ni hekta 20 na kanuni inasema kiwanja kisipungue nusu hekta. Haraka haraka mtu atasema viwanja 40. Lakini toa hekta 3 za bonde, toa hekta 2 za barabara, zinabaki 15. Hiyo ni viwanja 30, na ndiyo idadi unayoweza kuitetea mbele ya kamati. Anayepeleka 40 atarudishwa hadi 30 mbele ya watu, na kuanzia hapo kila takwimu yake itatiliwa shaka.

Sasa linganisha. Ukiruhusiwa kukusanya nyumba hizo 30 kwenye viwanja vya mita za mraba 2,000, vitachukua hekta 6. Barabara nayo inafupika kwa sababu nyumba zimekaribiana: kilomita 1 yenye hifadhi ya barabara (barabara na kingo zake) ya upana wa mita 15 ni hekta 1.5. Zinabaki hekta 12.5, zaidi ya asilimia 60 ya shamba, na hakuna nyumba hata moja iliyopotea. Jedwali dogo la mistari minne linaloonyesha hesabu hii hufanya kazi kubwa kwenye kikao kuliko picha za rangi za familia zikipunga upepo chini ya miti.

Hatua ya 4: Chora kwa kurudi nyuma

Mpangaji wa mandhari wa Kimarekani, Randall Arendt, ndiye aliyeieneza sana njia hii ya hatua nne, na sijaona iliyo bora. Kwanza unaweka alama ardhi ya kuhifadhi, yaani yale mafungu mawili ya matembezi yako. Pili unaweka nukta za nyumba, nyumba tu, bila kiwanja: ungependa kila moja ikae wapi ili ione uwazi, ipate upepo, isizibe mwingine? Tatu unaunganisha nukta hizo kwa barabara na njia za miguu. Nne, na ni ya mwisho, unachora mipaka ya viwanja.

Ugumu wake uko kwenye nidhamu. Mkono umezoea kuanza na mipaka, na mteja anataka kuona viwanja vyenye namba. Kataa. Ukishachora mstari wa kiwanja, mti wowote ulio ndani yake umeshakuwa wa mtu, na kila ukisogeza mstari unajiona unapoteza pesa. Nukta haina uzito huo. Unaihamisha mita 20 kuokoa mti mkubwa na hakuna anayelia.

Katika hatua ya kwanza angalia umbo, usiridhike na ukubwa. Hekta 12 zilizotawanyika vipande tisa nyuma ya nyuzio za watu hazimfaidii mtu; mtoto hawezi kukimbia humo, mkulima hawezi kulima, na ndani ya miaka michache kila jirani atakuwa amesogeza uzio wake. Zikiwa kipande kimoja kinachofikika kwa miguu kutoka kila nyumba, na ikiwezekana kinachoungana na mto au msitu ulio ng'ambo ya mpaka, zina maisha. Huko Radburn, New Jersey, mtaa ulioanza kujengwa mwaka 1929 kwa michoro ya Clarence Stein na Henry Wright, nyumba zilielekezwa kwenye bustani ya pamoja na magari yakaachiwa upande wa pili, na njia za miguu zikatenganishwa na barabara. Wazo hilo limeigwa mahali pengi, mara nyingine vibaya, lakini funzo la kuchora bado lipo: eneo la wazi linaloonekana kutoka dirishani lina walinzi wengi.

Mchoro huu wa mkono, kabla haujageuzwa kuwa wa kihandisi, upeleke kwa maofisa. Omba mkutano wa awali na mpangaji miji, mhandisi wa barabara, mtu wa maji na wa zimamoto, wote chumba kimoja ikiwezekana. Wakati bado ni penseli, neno lao moja unalirekebisha kwa kifutio. Mchoro ukishakamilika, neno hilohilo litakugharimu mwezi. Andika kila walichosema, na uwatumie muhtasari siku hiyohiyo. Maofisa huhamishwa, muhtasari unabaki.

Hatua ya 5: Maji ya aina tatu

Hapa ndipo maombi mengi hukwama, kwa hiyo kaa napo.

Maji safi kwanza. Kama bomba la jiji lipo karibu, pata barua rasmi kwamba uwezo upo kwa idadi ya nyumba ulizoandika. Ahadi ya mdomo haitoshi. Kama utachimba visima, jiji litataka jaribio la kusukuma maji kwa muda mrefu huku visima vya majirani vikipimwa, kwa sababu maji ya chini hayajui mipaka ya hati.

Maji machafu pili. Ukipunguza kiwanja kutoka nusu hekta hadi mita za mraba 2,000, swali linaloibuka ni kama kila kiwanja kitaweza kubeba tangi la maji taka na eneo lake la kunyonya, huku kikiacha umbali wa usalama na kisima. Jibu liko kwenye udongo. Linachimbwa shimo, linajazwa maji hadi udongo ushibe, kisha unapimwa mwendo wa maji kushuka. Udongo wa kichanga mno huyapitisha upesi kabla hayajasafika. Mfinyanzi huyakataa yakarudi juu. Fanya vipimo kabla ya kuchora viwanja, si baada ya hapo, na usiridhike na shimo moja kwa shamba zima. Udongo ukiwa mbaya sehemu ya nyumba lakini mzuri sehemu ya wazi, yapo majiji yanayoruhusu eneo la kunyonya la pamoja kuwekwa chini ya nyasi za eneo la wazi, au mtambo mdogo wa pamoja. Hapo ndipo utaulizwa nani atauendesha, na lazima jina lake liwepo kwenye karatasi.

Tatu, maji ya mvua. Hesabu yake ni rahisi na kila mwenye shamba aijue: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 20 hutoa lita 3,000. Nyumba 30, lita 90,000. Barabara ya lami ya kilomita 1 yenye upana wa mita 6 hutoa nyingine 120,000. Jumla lita 210,000 za mvua moja, ambazo zamani sehemu kubwa ilizama kwenye nyasi na sasa zinakimbilia kwa jirani wa chini. Kanuni inayotumika sana ni kwamba maji yasitoke shambani kwa kasi kubwa kuliko yalivyotoka kabla ya ujenzi. Kwa hiyo unahitaji mahali pa kuyatuliza: mabonde mafupi yenye nyasi, bwawa la kupokea maji, ardhi oevu iliyoachwa kama ilivyo.

Eneo la wazi lililochorwa vizuri linafanya kazi hii bila malipo. Katika mtaa wa Village Homes, mjini Davis, California, ulioanza kujengwa katikati ya miaka ya 1970 na Judy na Michael Corbett, maji ya mvua yaliachwa yapite juu ya ardhi kwenye mikondo ya nyasi badala ya mabomba ya chini. Wahandisi wa mji walikuwa na mashaka makubwa mwanzoni. Mikondo ilifanya kazi, na leo mtaa huo hutajwa kama mfano wa kuigwa. Ukipanga hivyo, usitegemee maofisa wakuamini kwa maneno. Leta hesabu ya mhandisi inayoonyesha mvua ndogo, mvua kubwa, na mvua ile ya nadra inayopita kiasi, pamoja na njia ambayo maji hayo ya ziada yatafuata bila kuingia ndani ya nyumba ya mtu.

Hatua ya 6: Barabara fupi, lakini gari la zimamoto lipite

Barabara ndiyo gharama kubwa kuliko zote na ndiyo adui mkubwa wa eneo la wazi, kwa hiyo kila mita unayoipunguza ni ushindi. Lakini mtu wa zimamoto atakuwa na neno la mwisho, na ana haki. Kanuni ya Kimataifa ya Zimamoto, inayofuatwa sehemu kubwa ya Marekani, inataka njia wazi ya upana wa futi 20, karibu mita 6.1, na inataka mahali pa kugeuzia gari kila njia isiyo na mlango wa pili ikizidi futi 150, karibu mita 46. Kanuni za mahali pako zinaweza kuwa na namba nyingine. Ziulize mapema, kwa sababu duara la kugeuzia lina tabia ya kumeza kiwanja kizima.

Uliza pia barabara itakuwa ya nani. Ikiwa jiji litaichukua, itajengwa kwa viwango vya jiji na kukaguliwa tabaka kwa tabaka. Ikiwa ya wakazi, watabeba matengenezo yake daima, na hilo liandikwe kwenye hati ya kila kiwanja ili mnunuzi alijue kabla hajasaini.

Hatua ya 7: Tafuta mlinzi wa eneo la wazi

Hili ndilo ninalolijali kuliko yote katika mwongozo huu. Mchoro unaweza kuwa na hekta 12 za kijani, kamati ikafurahi, idhini ikatoka. Miaka kumi baadaye ukute kipande kimejengwa ghala, kingine kimegeuzwa maegesho, na kilichobaki ni jalala. Haikuwa lazima mtu awe mwovu. Ilitosha kwamba hakuna aliyekabidhiwa.

Kuna njia kuu nne. Jiji linaweza kulipokea eneo liwe bustani ya umma. Inasikika vizuri, ila majiji mengi hayana bajeti ya kufyeka nyasi za bustani walizo nazo tayari, na yana haki ya kukataa. Chama cha wamiliki wa viwanja kinaweza kulimiliki kwa pamoja. Hapo hakikisha uanachama ni wa lazima na unaambatana na kiwanja, ada inakusanyika kisheria, na chama hakiwezi kuuza ardhi hiyo hata kwa kura ya wote. Shirika la kuhifadhi ardhi linaweza kulichukua, au kuchukua haki ya uhifadhi juu yake, yaani haki ya kisheria ya kuzuia lisijengwe, huku umiliki ukibaki kwa mwingine. Njia ya nne ni mkulima au mfugaji kubaki na sehemu ya shamba kama mmiliki mmoja, akilima kama alivyolima, ila hati yake imefungwa: hakuna kugawa tena, hakuna nyumba nyingine.

Ninapendelea kuchanganya. Chama kimiliki, na mtu wa nje, iwe jiji au shirika, ashike haki ya uhifadhi inayomruhusu kushtaki kizuio kikivunjwa. Majirani hawapendi kushtakiana. Mtu wa nje anaweza.

Pamoja na mmiliki, andika mpango wa utunzaji. Nyasi zifyekwe mara ngapi na sehemu gani ziachwe zirefuke? Miti iliyokufa nani anaikata? Bwawa la mvua litazolewa tope lini, na fedha zitatoka mfuko upi? Kurasa tatu zinatosha, lakini ziwe na majina ya wahusika na kiasi cha fedha. Kamati ikiona kurasa hizo, hali ya hewa chumbani hubadilika.

Upande mwingine, jiji nalo halina ruhusa ya kudai chochote linachotaka. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1994, katika kesi ya mji wa Tigard, Oregon, kwamba mji unapomtaka mwenye ardhi atoe sehemu ya ardhi yake kwa umma ili apate kibali, lazima uonyeshe kwamba kinachodaiwa kinawiana kwa kadiri na athari za ujenzi wenyewe. Katika kesi ile mji ulidai ardhi ya bonde la mafuriko pamoja na ukanda wa njia ya miguu na baiskeli. Sheria za nchi nyingine zina njia zake, ila swali ni zuri kuuliza popote, kwa adabu: "Sharti hili linatibu tatizo gani linaloletwa na viwanja vyangu?"

Hatua ya 8: Majirani kabla ya kikao

Tangazo la kikao likibandikwa kabla majirani hawajasikia kwako, umechelewa. Waalike mapema, shambani kwenyewe na si ukumbini, na utembee nao. Waonyeshe kwa vigingi mahali nyumba ya kwanza itakaposimama na mahali ambapo hakutajengwa kamwe. Sikiliza zaidi ya unavyosema. Jirani wa chini atakuambia maji yalifika wapi mwaka fulani, na huyo amekupa kipimo ambacho hakuna mtaalamu anacho. Mwingine ataomba ukanda wa miti kati yenu. Mpe, maana ni nafuu sana.

Siku ya kikao, msemaji awe mmoja. Anza na shamba lilivyo, kisha ardhi iliyohifadhiwa, kisha nyumba. Ukiulizwa usichokijua, sema utaleta jibu kwa maandishi, na ulilete. Kama kuna pingamizi lenye msingi, omba kikao kiahirishwe ili urekebishe; kuahirishwa si kushindwa, na katika majiji mengi ombi lililokataliwa haliruhusiwi kurudi mpaka muda fulani upite.

Hatua ya 9: Idhini ya awali, masharti, mchoro wa mwisho

Idhini huja kwa mafungu mawili. Ya kwanza ni ya mchoro wa awali, na karibu kila mara huja na masharti. Yasome moja moja. Kila sharti liwe na kazi ya kufanya, mtu wa kuifanya, na wakati: kabla ya kuanza ujenzi, kabla ya mchoro wa mwisho, au kabla ya nyumba ya kwanza kukaliwa. Sharti lisilo na wakati rudi ulifafanue sasa, kwa maandishi. Angalia pia tarehe ya idhini kwisha nguvu, maana nyingi hufa zikiwa mezani mwa mwenye shamba.

Kisha unajenga barabara, mifereji na mabomba, au unaweka dhamana ya fedha ambayo jiji litaitumia kuyamaliza ukishindwa. Dhamana iachiliwe kwa awamu kadiri kazi inavyokaguliwa. Kama unajenga kwa awamu, pigania jambo moja: eneo la wazi lisajiliwe lote katika awamu ya kwanza. Miradi husimama katikati, wenye fedha hubadilika, na hekta zilizoahidiwa kwa awamu ya tatu zina kawaida ya kutofika.

Mpima anaweka bikoni, yaani alama za mipaka, anatoa mchoro wa mwisho, wakuu wa idara wanasaini, na mchoro unasajiliwa pamoja na haki ya uhifadhi na katiba ya chama, siku moja, kwa mfuatano huo. Hadi hapo usiuze kiwanja wala kupokea malipo ya awali kwa kiwanja ambacho kisheria bado hakipo. Nchi nyingi zinalikataza hilo waziwazi.

Bikoni za eneo la wazi ziwekwe sawa na za viwanja, kila kona, tena zile zinazoonekana juu ya nyasi. Mnunuzi wa kwanza akija, mtembeze kwanza kwenye bikoni hizo, ndipo umpeleke kwenye kiwanja chake.